Siku Kimya Alipotoka Nje

Ukikaa mezani na mjomba wangu, shika kikombe chako. Si mkorofi, ni miguu yake tu. Unaanza mmoja, unadunda chini ya meza kama umeajiriwa, kisha wa pili unaufuata, na baada ya hapo vijiko vinaanza kulia kwenye sahani na mama anasema, "Kaka, tulia basi, tutakula supu ya mtikisiko mpaka lini?" Anatulia. Nimehesabu mara nyingi: hafiki sekunde kumi na mbili. Vijiko vinaanza tena.

Ni kaka yake mkubwa mama. Anaishi nasi, kwenye chumba cha uani, tangu mkewe alipofariki. Kazi yake ni ufundi wa lifti. Anajua ni jengo gani mjini lenye lifti inayosimama kidole kimoja juu ya sakafu, na ni lipi lenye mlango unaobana mikoba ya watu. Ukimuuliza habari za kazi anajibu, "Zinapanda, zinashuka," na mazungumzo yameisha. Mdomo wake msiba, miguu yake soko.

Sasa niambie, mtu kama huyo unaweza kumdhania kwamba aliwahi kuwa kwenye bendi ya roki? Mimi nimejua mwaka huu tu, na nimekaa naye nyumba moja miaka saba! Roki yenyewe ya zamani, ya magitaa yanayolia kama yamefiwa na nywele zinazofika mabegani. Walikuwa vijana wanne wa chuo kimoja cha ufundi, wakajiita Nyundo Nne. Chiriku aliimba. Shoti alipiga gitaa la solo, na jina alilipata siku aliposhika waya wa umeme akidhani ni wa spika. Radi, mwanamke peke yake kati yao, alipiga ngoma. Mjomba alipiga besi, lile gitaa la nyuzi nne nene ambalo linakugonga kifuani kabla hujalisikia masikioni. Wakamwita Kimya. Besi lenyewe liko chini ya kitanda chake mpaka leo, kwenye sanduku jeusi nililodhani siku zote lina vyuma vya lifti.

Nilijua yote hayo kwa sababu ya barua. Chuo chao kimejenga ukumbi mpya. Utafunguliwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa kumi alasiri, na wanafunzi wa zamani wanaomba Nyundo Nne wapige nyimbo tatu. Wenzake watatu walikubali siku ileile. Mjomba aliiweka barua juu ya friji. Akaitoa, akaisoma amesimama, akairudisha. Akatoka uani, akazunguka tangi la maji, akaingia, akaitoa tena.

"Si uwajibu tu?" mama akamwambia. "Ndiyo ni herufi tano."

"Hapana ni sita," mjomba akasema, akatoka tena.

Mimi hapo ndipo nilipoingia na kiherehere changu. Shuleni kwetu, kidato cha tatu, tuna ubishi usioisha: kwenye bendi za zamani, nani ndiye fundi hasa? Rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja anashikilia kwamba ni mwimbaji, wengine wote ni mapambo. Kijana mmoja wa nyuma anasema mpiga solo, na anapiga hewa kwa vidole kututhibitishia. Kila mtu anabishana juu ya watu asiowahi kuwaona. Nikajiuliza, mimi nina bendi nzima, iko hai, inakunywa chai. Kwa nini nisiende kuwauliza wenyewe?

Nikachora jedwali nyuma ya daftari la jiografia. Majina manne juu, majina manne pembeni. Kila mmoja awape wenzake alama, kumi ikiwa ndiyo mwisho.

Nilianza na Chiriku. Siku hizi ni mnadi, anauza vitu vikuukuu vya watu wanaohama, kwenye ghala lililojaa makabati na makochi. Sauti yake unaisikia kabla hujakata kona. Alikuwa amesimama juu ya meza akiuza jokofu.

"Mpwa wa Kimya! Pita, kaa kwenye kochi lolote ila lile la kijani, lina mguu wa kuazima." Nilipomweleza jedwali langu alicheka mpaka akashuka mezani. "Shoti mpe tisa. Ningempa kumi ila atavimba kichwa, na kofia zake ni za zamani. Radi, nane. Mjomba wako..." Akakuna kidevu. "Tano."

"Tano tu, baba?"

"Usinune. Unaliona hili jokofu? Nyuma yake kuna mota inanguruma, ngrrr, mchana kutwa. Umewahi kusikia mtu akisifu ngurumo? Watu wanasifu soda baridi. Soda ni mimi."

Nikaandika tano.

Shoti anatengeneza meno ya bandia kwenye chumba kidogo nyuma ya kliniki. Alikuwa anakwangua jino la nta kwa kisu chembamba kama sindano, na vidole vyake vilikwenda bila yeye kuviangalia. Vidole vile! Nilielewa mara moja kwa nini alikuwa mpiga solo. Alimpa Chiriku nane ("sauti anayo, sikio hana"), Radi nane, na mjomba wangu nne.

"Nne?"

"Moja kwa kila noti. Kimya alikuwa na noti nne, binti. Wimbo mzima, noti nne, zinakwenda na kurudi kama mlinzi wa geti. Mimi noti nne nazipiga nikipiga chafya." Akapuliza unga wa nta. "Lakini ni mtu mwema sana. Hiyo andika pia."

Jedwali langu halikuwa na nafasi ya mtu mwema. Maneno ya noti nne, hata hivyo, niliyaandika pembeni.

Radi ni muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi. Nilimpata saa za kubadilishana zamu, amekaa ngazi za nyuma, viatu amevivua. Nilimwonyesha daftari. Alilisoma mpaka mwisho, kisha akalifunga na kunirudishia.

"Sitoi alama mimi. Hapa wanazaliwa watoto kila siku, mama zao wananiuliza yupi mzuri zaidi wodini. Nitajibu nini?"

"Shangazi, ni kwa ajili ya kujua tu."

"Sisi tulikuwa na dawa ya ubishi huo. Kutoka nje." Aliona sijaelewa. "Mtu akijiona yeye ndiye bendi, au akilalamika kwamba hathaminiwi, alitolewa nje ya mlango. Waliobaki walipiga wimbo mzima bila yeye. Yeye anasikiliza huko nje. Akirudi, anasema alichosikia. Si sisi tunaomwambia, ni yeye anayesema. Shoti alitolewa kila wiki. Chiriku, usiseme. Hata mimi, maana mikono yangu inapenda mbio, toka ujana."

"Na mjomba?"

Alifikiri huku akivaa kiatu kimoja. "Ajabu. Hatukuwahi kumtoa. Hakujiona, na hakulalamika. Sababu ya kumtoa tungeipata wapi?"

Ningeishia hapo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini jioni ile niliacha daftari mezani, mjomba akatafuta kalamu ya kujazia fomu ya ukaguzi wa lifti, na kalamu ilikuwa ndani ya daftari. Kwenye ukurasa uleule. Nilikuwa nimeshapiga wastani, mimi na ujuaji wangu, nikaupigia na mstari kwa wino mwekundu. Shoti 9. Chiriku 8. Radi 8. Kimya 4.5.

Nilimkuta amesimama nalo. Kilichonitisha ni miguu. Ilikuwa imetulia.

"Umepiga hesabu vizuri," akasema, akachukua kalamu.

Kesho yake sanduku jeusi lilikuwa mlangoni limefutwa vumbi. Kwaya ya vijana ya mtaani walikuwa wanatafuta besi siku nyingi, naye alikuwa amemwambia kiongozi wao aje alichukue, Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi. Ndiyo, Jumamosi ileile! "Kwani nalifanyia nini?" akamwambia mama. "Linakula nafasi. Waambie akina Chiriku nina zamu."

Mama aliniangalia mimi.

Siku hiyo baada ya masomo nilimfuata kazini. Ni jengo la ghorofa kumi, na lifti ilikuwa imezimwa kwa ajili yake, kwa hiyo nilipanda ngazi zote kwa miguu, nadhani ilikuwa haki yangu. Chumba cha mashine kiko juu kabisa, kinanuka grisi. Mjomba alikuwa anapapasa kamba za chuma moja moja kwa kitambaa, akitafuta uzi uliokatika. Pengo la sakafuni lilionyesha shimo la lifti mpaka chini kwenye giza.

"Mjomba, nisamehe. Zile alama ni upuuzi wangu."

"Alama zako hazikukosea." Hakugeuka. "Ulichokosea ni kudhani nilikuwa sijui."

Nikasogea karibu na kamba.

"Unajua kwa nini niliingia kwenye bendi? Chuo kizima mimi ndiye niliyekuwa na besi. Nililirithi kwa binamu. Walihitaji besi, likaja na mtu." Akahamia kamba ya pili. "Shoti alikuwa anapiga watu wanalia. Chiriku akifungua mdomo, wasichana wanasahau mabasi yao. Mimi nilikuwa nawaangalia kila siku nikijiuliza, hawa nikiwatoka watajua? Miaka ishirini na minane najiuliza. Sasa nipande jukwaani mbele ya watu nikajiulize tena?"

"Kile ni nini?" nikauliza, kwa sababu nisipouliza nalia. Kulikuwa na pande kubwa la chuma ukutani ndani ya shimo, linaning'inia kwenye kamba zilezile.

"Mzigo wa lifti. Lifti ikipanda, ule unashuka. Lifti ikishuka, unapanda. Bila ule mashine haiwezi kuvuta watu, itaungua."

"Sikuwahi kujua kama upo."

"Nani ajue? Hakuna anayepanda kule." Akakunja kitambaa.

"Mjomba, Shangazi Radi anasema hujawahi kutoka nje."

Mkono wake ulisimama kwenye kamba. Kisha nikausikia mguu, polepole, juu ya bati la sakafu. Du, du, du.

"Jumamosi hii wanafanya mazoezi ghalani kwa Chiriku," nikasema. "Nenda ukawaage mwenyewe. Zamu ni uongo, nao watajua."

"Hujui kunyamaza wewe."

"Nyumbani yupo mmoja, anatosha."

Jumamosi alienda. Alibeba besi "ili watakayempata badala yangu alitumie siku hiyo moja kabla kwaya hawajalichukua." Mimi nilibeba waya. Njiani alisimama mara mbili kugeuka, na mara ya pili nilijifanya naangalia duka la rangi mpaka akaendelea mwenyewe.

Ghalani wenzake walikuwa wamefunga vyombo katikati ya makabati. Ngoma zilikaa kati ya vitanda viwili vya mbao, kila kimoja na kibandiko cha namba ya mnada.

"Ngurumo imefika!" Chiriku akapaza sauti. "Mnada unaanza!"

"Sikuja kupiga," mjomba akasema. "Nimekuja kuaga. Hili hapa besi. Mtafuteni kijana yeyote, noti zenyewe ni nne." Alimwangalia Shoti. "Moja kwa kila alama."

Kimya kikaingia, na safari hii si mjomba. Shoti aligeuka akaniangalia kwa jicho ambalo nitalikumbuka siku nikitaka meno ya bandia.

"Mtoto aliniuliza, nikamtania," akasema.

"Hukumtania. Ulisema kweli. Sina ugomvi."

"Anao, anao!" Radi akagonga ngoma moja kwa kijiti. "Huyu analalamika. Miaka yote hiyo, leo Kimya analalamika! Kanuni ni kanuni. Tunatoka nje, wote, mmoja mmoja, na Kimya wa mwisho. Kwa hiyo, bwana we, chomeka waya, maana kabla ya zamu yako tunakuhitaji."

Nilidhani atakataa. Lakini mtu aliyetengenezwa kuwa na manufaa ukimwambia anahitajika, mikono inatii kabla ya kichwa. Akachomeka.

Walipiga ule wimbo wao uliowahi kupendwa chuoni, unaitwa "Mlango wa Tatu." Nilishika simu kupima muda, tabia yangu ya kupenda kupima kila kitu haijafa. Shoti akatoka kwanza. Bila solo wimbo ulikuwa kama chumba kisicho na dirisha. Uliisha dakika nne na sekunde kumi. Akarudi.

"Sema," Radi akamwambia.

"Nimesikia..." Akakwaruza kofia yake. "Wimbo una maneno. Nilikuwa siyajui. Ni maneno mazuri."

"Niliyaandika mimi!" Chiriku akasema. "Ulikuwepo!"

Chiriku akatoka. Dakika nne na kumi na mbili. Akarudi amenuna, akasema alichosikia ni watu wanaopiga vizuri bila kelele zake, na kwamba hapendi mchezo huu, hakuupenda hata zamani. Radi akatoka. Bila ngoma nilitegemea wapotee, lakini walitembea tu, wembamba kidogo, kama watu wamevua viatu. Nne na kumi na moja. Radi alirudi akamtazama mjomba kwa muda, akasema, "Hamkuniona nimeondoka. Hili nitalifikiria nyumbani."

"Sasa wewe."

"Basi, imetosha," mjomba akasema.

"Nje."

Tukatoka, mimi na yeye. Tukasimama kando ya mlango wa chuma wa ghala. Ng'ambo ya barabara kijana alikuwa anaosha gari. Mjomba aliweka mgongo ukutani, akafumba macho, na miguu ikaanza.

Ndani Radi akahesabu nne, wakaanza.

Nitasema kweli ingawa inaniuma: wimbo haukuanguka. Nilikuwa nimeomba uanguke. Ulianza vizuri tu. Gitaa lilisikika kali zaidi, sauti ya Chiriku ilikuwa wazi. Yule mwosha gari akaanza kutikisa kichwa.

"Umeona?" mjomba akasema, bila kufumbua macho. "Haya. Nimejua. Afadhali kujua."

Nikaangalia chini. Miguu yake ilikuwa inadunda kwenye saruji kwa mwendo uleule ninaoujua, mwendo wa vijiko vyetu mezani. Du, du, du. Na hapo ndipo niliposikia. Miguu na wimbo havikuwa pamoja! Kwenye ubeti wa kwanza vilikuwa pamoja. Sasa Radi alikuwa mbele kidogo. Shoti akamsikia akaharakisha. Chiriku, ili asiachwe, akaharakisha zaidi, na Radi naye akamkimbilia. Niliangalia simu. Mara zote tatu kiitikio cha pili kiliisha dakika ya pili imeshapita. Sasa kilikuwa kimeisha, na dakika ya pili ilikuwa bado sana.

"Mjomba, wanakimbia."

Alikuwa ameshafumbua macho. Mkono wake ulikuwa juu ya mlango wa chuma, kiganja kinapiga, kwa mwendo wa miguu, taratibu, kama mtu anayembembeleza mnyama. "Polepole," akasema. "Polepole, jamani. Radi... mwache, Shoti, usimfuate." Kule ndani Chiriku alimeza mstari mzima, akakosa pumzi katikati ya unaofuata. Mwosha gari alikuwa ameacha kutikisa kichwa, haikuwezekana tena.

"Polepole!" Mjomba akagonga mlango kwa ngumi.

Hawakusikia. Kanuni ni kwamba aliye nje asubiri mpaka mwisho. Mjomba wangu, ambaye hajawahi kuvuka hata mstari wa njano kituoni, alisukuma mlango, akapita kati ya makabati, akaliokota besi, akalichomeka wimbo ukiwa mbioni, na akasimama hapo mguu ukidunda mpaka akapata mahali pa kuingilia. Noti ya kwanza ilinigonga kifuani. Haikuwapunguza mara moja. Iliwashika kwanza. Radi akainua uso, mikono ikamshuka kidogo, Shoti akanyoosha kidole ambacho kilikuwa kimejikunja, na Chiriku akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyetolewa majini. Ubeti wa mwisho waliumaliza wanatembea.

Jasho lilikuwa linawatiririka.

"Umevunja kanuni," Radi akasema mwishowe. "Haya, sema. Umesikia nini?"

Mjomba alifuta mikono kwenye suruali. "Mlikuwa mnakimbilia wapi?"

Shoti ndiye aliyeanza kucheka, mpaka akakaa kwenye kochi la kijani, na mguu wa kuazima ukatoka, akaanguka nalo.

Mngependa niwaambie kwamba tangu siku hiyo mjomba ametulia. Wapi! Imekuwa mbaya zaidi, sasa anadunda hata akinawa uso. Jumamosi ya ufunguzi, asubuhi, vijiko vilikuwa vinalia mpaka mama akaviondoa mezani. Hakuwa amesema kama ataenda. Shati jeupe lilikuwa limepigwa pasi, lakini sanduku jeusi lilikuwa bado mlangoni, na kiongozi wa kwaya akabisha hodi saa tatu kamili kama alivyoahidiwa.

Mjomba aliinuka. Akalishika sanduku mpini, akalinyanyua, akamwangalia yule kiongozi. Tukamwangalia sisi.

"Nilikuahidi," akasema, "na ahadi ni deni. Lakini leo saa kumi nina kazi nalo. Njoo ukumbini ulisikilize. Ukishalisikia na bado ukalitaka, tutaongea."

"Na nikilitaka, mzee?"

"Basi tutaongea sana."

Akafunga mlango, akarudi kukaa. Akasimama tena. Saa kumi ilikuwa mbali, saa saba nzima.

"Kaka," mama akasema, "kaa utulie."

"Nitatulia nikifika," mjomba akajibu, na kikombe changu nikakishika.